Glasgow Ipi, Königsberg Ipi? Namna ya Kuzitofautisha Manowari za Jina Moja

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Ndugu waongoza watalii, walimu wa historia, watunzaji wa makumbusho, na nyinyi mnaoandika vibao na maelezo ya picha: tuanze na sentensi moja. "Tarehe 27 Agosti 1896, HMS Glasgow ilizamishwa mbele ya kasri la Zanzibar." Tarehe ni sahihi. Mahali ni sahihi. Kuzama ni kweli. Kosa limo kwenye herufi moja, ile M ya katikati, nayo inatosha kumfanya aliyepiga aonekane ndiye aliyepigwa.

Iliyozama ilikuwa HHS Glasgow. HHS maana yake ni chombo cha Mtukufu, yaani cha Sultani. HMS ni chombo cha Malkia au Mfalme wa Uingereza. Manowari za Malkia zilizokuwapo bandarini asubuhi ile ni St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow. Mizinga ilianza kulia saa 3 na dakika 2. Glasgow ya Sultani ikaifyatulia St George, ikajibiwa, ikatoboka, ikakaa chini. Mtalii aliyeambiwa "HMS" anaondoka akiamini kwamba Waingereza walipoteza manowari katika vita vya dakika 40 hivi. Hawakupoteza hata moja.

Sasa, kwa nini Sultani awe na meli yenye jina la mji wa Scotland? Mwaka 1872 kimbunga kilivunja vyombo vya Sayyid Barghash, Sultani wa wakati ule. Mwaka uliofuata ikatia nanga Unguja HMS Glasgow, frigeti ya mbao yenye tanga na mashine ya mvuke, iliyoshushwa majini 1861. Barghash akaipenda. Akaagiza ya kwake ifanane nayo kwa kiwanda cha William Denny pale Dumbarton, na jina likaja pamoja na umbo. Ikakamilika 1878, ikiwa na mizinga midogo 7 ya ratili 9 na bunduki ya Gatling. Miaka mingi ilishinda imetia nanga mbele ya kasri.

Ile frigeti ya mbao iliuzwa 1884, na HMS Glasgow iliyofuata haikushushwa majini mpaka 1909. Fanyeni hesabu: mwaka 1896 Uingereza haikuwa na HMS Glasgow hata moja. Hiyo ndiyo njia fupi ya kulikamata kosa la namna hii. Usianze kwa kubishana juu ya kilichotokea. Anza kwa kuuliza kama chombo chenye jina hilo, cha nchi hiyo, kilikuwa hai siku hiyo.

Kwa Kiswahili, mtu wa jina lako ni somo yako. Mjukuu akipewa jina la babu, hakuna anayedhani madeni ya babu, wala kovu la mguuni, vimehamia kwa mjukuu. Tunajua wametofautiana mwili na wameachana miaka. Ila tukifika kwenye meli tunasahau, tunazungumza kana kwamba Glasgow ni moja iliyoishi miaka 160. Manowari mbili za jina moja ni somo na somo. Jina limetoka kwa mmoja likaenda kwa mwingine. Chuma, mizinga na mabaharia ni vingine.

Wanamaji wenyewe wana sehemu yao katika mkanganyiko huu, tena kwa makusudi. Katika jeshi la majini la Uingereza heshima za vita hufuata jina, hazifuati mwili wa meli. Meli mpya hutundika ubao wenye orodha ya vita ambavyo haikuviona. Chukueni Glasgow tena. Kruza, yaani manowari ya kasi ya ukubwa wa kati, iliyoshushwa 1909 ilipigana visiwa vya Falkland mwaka 1914. Manowari nyingine ya jina hilo, yenye nambari D88, ilikuwa huko huko Falkland mwaka 1982, ikapigwa bomu lililopita ubavu huu likatokea ubavu ule bila kulipuka. Jina moja, visiwa vile vile, vita viwili, meli mbili, miaka 68 katikati. Anayesoma ubao akiona Falkland mara mbili, na hajui kanuni hii, ataandika kwamba ni meli moja iliyorudi. Basi ubao wa heshima ni ushahidi wa historia ya jina. Kama mnaandika historia ya chombo, msiutegemee peke yake.

Tuingie kwenye kazi. Kila mnapokutana na jina la manowari, tafuteni mambo manne kabla ya kuandika neno: herufi za mbele, mwaka wa kushushwa majini, aina ya chombo, na mwisho wake. Sitayapa muda sawa, kwa sababu hayana ugumu sawa.

Herufi za mbele ni rahisi na zinasahauliwa kuliko zote. HMS ya Uingereza, HMAS ya Australia, HMCS ya Canada, HMNZS ya New Zealand, USS ya Marekani, KNS ya Kenya. SMS ni ya Ujerumani ya Kaisari, na ilikoma na ufalme wenyewe mwaka 1918. Kwa hiyo "SMS Königsberg" iliyozama 1940 haiwezekani. Kufikia mwaka huo hakukuwa na Mtukufu Kaisari wa kumiliki meli. Mkiona herufi zinapingana na mwaka, mmoja wapo ni wa uongo.

Herufi zikibadilika na jina likibaki, msidhani meli imebadilika. HMS Philomel niliyoitaja hapo juu, iliyoshushwa majini 1890 na kuwapo Zanzibar 1896, ndiyo iliyoazimwa New Zealand mwaka 1914, ikawa manowari ya kwanza ya nchi ile. Baadaye ikafungwa gatini Auckland kuwa chuo cha wanamaji. Mwili ulizamishwa baharini 1949. Lakini HMNZS Philomel ipo mpaka leo: ni kambi ya nchi kavu, majengo, lango na mlingoti wa bendera, Devonport, Auckland. Waingereza na wenzao wana desturi ya kuipa kambi jina la meli na kuiandikisha kama meli. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "nimehudumu Philomel miaka mitatu" na viatu vyake havijawahi kulowa maji ya chumvi.

Mwaka. Hapa ndipo palipo na mashimo mengi. Meli moja ina tarehe zisizopungua tano: ya kuagizwa, ya kulazwa mkuku (kuanza kujengwa), ya kushushwa majini, ya kukabidhiwa wanamaji, na ya kufutwa kwenye orodha. Kati ya kushushwa na kukabidhiwa hupita mwaka mmoja, miwili, pengine mitano. HMS Ark Royal ya baada ya vita ilishushwa 1950 na kuanza kazi 1955. Katalogi moja itaandika "Ark Royal (1950)", nyingine "Ark Royal (1955)", na mwandishi mwenye haraka atahesabu meli mbili. Königsberg yetu, kruza ya Kijerumani iliyoishia Rufiji, nayo ilishushwa majini Desemba 1905 ikaanza kazi Aprili 1907, ndiyo maana mtaikuta kwa miaka yote miwili. Chagueni kanuni moja muishike. Sisi tunapendekeza mwaka wa kushushwa majini, uwe kwenye mabano baada ya jina: Königsberg (1905), Glasgow (1909). Sababu ni moja tu: meli hushushwa mara moja. Inaweza kukabidhiwa, kuwekwa akiba, na kukabidhiwa tena. HMS Severn, doria ya Uingereza iliyoshushwa 2002, ilitolewa kwenye utumishi 2017 ikarudishwa rasmi 2021. Ukienda kwa mwaka wa kukabidhiwa, utakuwa na Severn mbili zenye injini moja.

Nambari ya ubavuni wengi huiamini kupita kiasi. Kwa Wamarekani inasaidia sana, maana nambari yao hutambulisha mwili: Enterprise CV-6 ni ile ya Vita vya Pili vya Dunia, CVN-65 ni ile ya kwanza ya nyuklia miongoni mwa manowari za kubeba ndege, na CVN-80 ni inayojengwa. Jina moja, nambari tatu, hakuna ubishi. Kwa Waingereza nambari hurithiwa kama jina. Frigeti mpya Glasgow, ya kwanza katika kundi la Type 26, ina nambari F88. Picha yenye F88 ya miaka ya 1980 si Glasgow hata kidogo: ni HMS Broadsword, ambayo baadaye iliuzwa Brazil. Na Glasgow ya wakati ule ilikuwa D88. Mwenye kukumbuka tarakimu 88 tu amekwisha potea.

Sasa tukae kidogo na Königsberg, kwa sababu ndiyo inayotuhusu zaidi pwani hii na ndiyo inayokosewa zaidi.

Kulikuwa na kruza tatu za Ujerumani zenye jina hilo. Ya kwanza, ya 1905, ilikuwa na urefu wa mita 115 na mizinga 10 ya milimita 105. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta HMS Pegasus bandarini Zanzibar, mashine zake zikiwa katika matengenezo, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 wakauawa. Kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa huko na hatimaye ikalipuliwa na watu wake wenyewe.

Ya pili ilishushwa majini Ujerumani tarehe 18 Desemba mwaka huo huo wa 1915. Jina lilikaa bila mwenyewe miezi mitano tu. Lakini angalieni mtego: mkuku wa hii ya pili ulilazwa 1914, wakati ya kwanza bado iko baharini. Iliwezekanaje pawe na Königsberg mbili? Hazikuwepo. Desturi ya Ujerumani ilikuwa kuijenga meli kwa jina la muda, likitaja meli kuukuu inayochukuliwa nafasi yake. Hii iliitwa Ersatz Gazelle, "mbadala wa Gazelle". Jina la kweli lilitangazwa siku ya kushushwa. Vitabu vya baadaye huandika jina la mwisho tokea mwanzo, na hapo hesabu huharibika. Ilikuwa na mita 151 na mizinga 8 ya milimita 150. Novemba 1918 ndiyo iliyompeleka Admirali Hugo Meurer kupanga na Waingereza namna ya kusalimisha meli za Kaisari. Baadaye ikapewa Ufaransa, ikaitwa Metz.

Ya tatu ni ya 1927: mita 174, mizinga 9 ya milimita 150. Ilizamishwa Bergen, Norway, tarehe 10 Aprili 1940, na ndege za Skua zilizoruka kutoka visiwa vya Orkney.

Na kuongeza chumvi kwenye kidonda, kila moja kati ya hizi tatu ilikuwa kiongozi wa kundi la meli ndugu, kwa hiyo kuna "kundi la Königsberg" mara tatu. Msiandike "kruza ya kundi la Königsberg" bila mwaka. Haielezi kitu.

Picha mtazitofautishaje? Wengi huhesabu dohani. Inasaidia nusu: ya 1905 na ya 1915 zote zina dohani tatu, ya 1927 ina mbili. Kwa hiyo dohani zitaitoa ya tatu na kuziacha mbili za kwanza zimeng'ang'aniana. Hapo tazameni omo. Ya 1905 ina omo ya kizamani inayotokeza mbele chini ya maji kama mdomo wa chuchunge aliyekatwa. Ya 1927 mtaijua pia kwa vibanda vya chuma vinavyozunguka, kila kimoja kimebeba mizinga mitatu: kimoja mbele, viwili nyuma. Picha yenye vibanda hivyo ikiwekwa kwenye habari za Rufiji, ni kosa la miaka 20 na zaidi.

Kwa nini hakuna Königsberg ya nne? Mji wenyewe umekwenda. Baada ya 1945 ukawa chini ya Wasovieti, ukaitwa Kaliningrad mwaka 1946. Emden, somo wa meli iliyoangamia visiwa vya Cocos Novemba 1914, bado ni mji wa Ujerumani, na jina lake limepanda tena na tena: 1916, 1925, kisha frigeti mbili za baada ya vita, na sasa korveti yenye nambari F266. Kruza zote mbili za mwanzo zilikuwa na sifa vitani. Aliyeamua ipi irithiwe ni ramani.

Tukitoka kwenye karatasi, twende Fort Jesus, Mombasa. Pale nje kuna mizinga miwili ambayo wageni hupiga nayo picha: mmoja ulitoka Königsberg, mwingine Pegasus. Meli zilizopigana Zanzibar, mizinga yake leo imesimama jirani. Mizinga ya Königsberg iliopolewa Rufiji, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu, ikatumika nchi kavu na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Mwingine uliobaki uko Pretoria, kwenye Union Buildings. Ule wa Pegasus nao uliopolewa.

Swali la kila mwaka: upi ni upi? Wanaojibu kwa macho hukosea, na wana udhuru. Mzinga wa Königsberg una mdomo wa milimita 105. Wa Pegasus ni wa inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti ni milimita 3.4. Na yote miwili ina urefu wa kalibari 40, yaani mara 40 ya upana wa mdomo, maana yake mtutu mmoja ni mita 4.2 hivi na mwingine mita 4.06. Jicho halioni hilo, na koti la rangi ya miaka mingi linaweza kulimeza lote.

Mkitaka kupima, ombeni ruhusa ya makumbusho kwanza. Tumieni kalipa, kifaa cha kupimia upana wa tundu, si utepe wa fundi cherehani. Ndani ya mtutu kuna matuta na mifereji. Pimeni kutoka tuta hadi tuta la upande wa pili, kwa sababu mkishika mifereji mtaongeza milimita na Pegasus atageuka Mjerumani. Pimeni mara tatu kwa kuzungusha kalipa, kwani kutu hula upande mmoja kuliko mwingine.

Ila kuna njia nyepesi zaidi, na ndiyo tunayoipendelea: nendeni nyuma ya mzinga. Mjerumani alifunga kitako kwa kabari inayoteleza ubavuni. Mwingereza wa wakati ule alifunga kwa skrubu. Hata kama kifuniko kimeng'olewa, nafasi yake imebaki. Mkikuta pande nene la chuma lenye mwanya wa kukata kushoto na kulia, ni Königsberg. Mkikuta tundu la duara lenye nyuzi za skrubu zilizokatwa vipande, ni Pegasus. Mgeni mwenyewe ataona, hahitaji kuwaamini.

Turudi kwa Pegasus, maana jina hili lina kisa kingine. Iliyozama Zanzibar ilishushwa 1897. Pegasus iliyofuata, ya 1917, ilikuwa ya kubeba ndege za majini. Kisha mwaka 1934 ikatokea Pegasus ambayo haikujengwa kuwa Pegasus: ni Ark Royal ya 1914. Waingereza walikuwa wanajiandaa kujenga manowari kubwa ya kubeba ndege na walitaka iitwe Ark Royal. Mzee aliyekuwa na jina hilo bado alikuwa hai, na meli mbili za jeshi moja haziitwi jina moja kwa wakati mmoja. Barua, risasi na amri zingekwenda kusikokusudiwa. Basi mzee akavuliwa jina akapewa Pegasus, na Ark Royal mpya ikashushwa 1937. Tokeo lake: mkisoma kwamba Pegasus ilikuwa Dardanelles, mlangobahari wa Uturuki, mwaka 1915, mwandishi amerudisha jina jipya nyuma kwenye siku za jina la zamani. Pegasus ya kweli ya siku hizo ilikuwa chini ya maji ya Unguja. Katika matukio ya kabla ya kubadilishwa jina, andikeni jina la siku ile, na kama kuna haja ongezeni "baadaye Pegasus".

Severn na Mersey ndizo zilizoingia Rufiji kuimaliza Königsberg. Nazo hazikuzaliwa na majina hayo. Zilijengwa na Vickers, Barrow, kwa ajili ya Brazil, zipite mito mikubwa: Severn iliitwa Solimões, Mersey iliitwa Madeira. Vita vilipokaribia 1914, Uingereza ikazinunua. Majina ya mito ya Amazon yakafutwa, yakaandikwa ya mito ya Kiingereza, mito kwa mito. Na zilifaa Rufiji kwa sababu ile ile zilizotengenezewa Amazon: zilizama mita 1.7 tu, mahali ambapo kruza ingekwama. Leo majina hayo mawili yako pamoja tena, kwenye doria za kundi la River, nambari P282 na P283. Mgeni akisema "nimeiona HMS Severn Portsmouth", msimwambie kwamba ndiyo iliyokuwa Rufiji. Ni somo wake.

Kwa wale wa Chapwani, kisiwa cha makaburi: majina mtakayoyataja pale ni London na Pegasus. London hii si kruza ya miaka ya 1920 wala frigeti ya F95. Ni merikebu ya mbao ya mizinga 90, iliyoshushwa 1840, iliyopigana Crimea, kisha ikawekwa Zanzibar tangu 1874 kuwa kituo cha mashua zilizokuwa zikifukuza majahazi ya watumwa. Nahodha wake Charles Brownrigg aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 akipambana na jahazi moja la namna hiyo. Tarehe ya jiwe itawaambia. Kaburi la miaka ya 1870 au mwanzo wa 1880, ni London. La Septemba 1914, ni Pegasus.

Kuna pia majina yetu wenyewe yaliyokwenda baharini. HMS Uganda ilikuwa kruza, ikashushwa 1941, ikapewa Canada 1944 na kuwa HMCS Uganda, ikabadilishwa jina kuwa Quebec 1952, ikavunjwa Japani 1961. Mwaka huo huo wa 1952 kampuni ya British India ilishusha majini meli ya abiria Uganda, dada wa meli iliyoitwa Kenya, na hizi ndizo wazee wa Mombasa na Dar wanazozikumbuka. Uganda iliyokwenda Falkland 1982 kama meli ya hospitali ni hii ya abiria. Na wakati Kenya ya abiria inapita Mombasa, kruza HMS Kenya ya 1939 nayo ilikuwa bado hai. Kanuni ya jina moja kwa meli moja ni ya jeshi moja ndani ya nyumba yake, haimfungi mfanyabiashara. Kwa hiyo mzee akikwambia "nilifanya kazi Kenya", muulize kama alivaa sare ya mizinga au alibeba masanduku.

Wenzetu wengine wamechagua njia iliyo wazi zaidi: kutia nambari. KNS Harambee ya kwanza ilijengwa Uingereza na Brooke Marine miaka ya 1970. Mwaka 2011 Kenya ikapokea doria ya Kifaransa La Rieuse, ikaiita Harambee II. Oman vivyo hivyo: Shabab Oman, merikebu ya matanga ya kufundishia, ikafuatwa na Shabab Oman II mwaka 2014. Laiti kila mtu angefanya hivyo, mkutano huu ungekuwa mfupi. Lakini msianze kuwawekea Waingereza nambari za Kirumi ambazo hawakuziweka. "HMS Glasgow IV" haimo kwenye daftari lolote, na anayetafuta kwa jina hilo hatapata kitu.

Neno la tahajia kwa wanaotafuta kwenye nyaraka. Königsberg mtaikuta pia kama Koenigsberg na Konigsberg. Simu za upepo hazikuwa na nukta mbili juu ya herufi. Racoon ya 1896 ina c moja. Na merikebu ya mizinga 74 aliyoijenga Sayyid Said bin Sultan Bombay mwaka 1826, ikaitwa Liverpool, akamtunukia Mfalme wa Uingereza 1836, haitapatikana kwa Liverpool wala kwa Imam. Waingereza waliibadilisha jina kwa cheo walichomwita aliyeitoa, wakakiandika kwa tahajia ya siku zile: HMS Imaum. Bila hiyo u katikati, mashine ya kutafutia itawaletea misikiti.

Sasa kibao cha Glasgow. Badala ya sentensi tuliyoanza nayo, andikeni hivi: "HHS Glasgow, meli ya Sultani wa Zanzibar, iliyojengwa na Denny, Dumbarton, ikakamilika 1878 kwa mfano wa frigeti ya Uingereza HMS Glasgow (1861). Ilizamishwa hapa na HMS St George tarehe 27 Agosti 1896. Milingoti yake ilibaki juu ya maji hadi mabaki yalipoondolewa 1912." Ni sentensi tatu, na Glasgow mbili kila moja iko mahali pake.

Waliokuja na picha za vibao vyao, wazilete mezani. Tuanze na aliyeandika "SMS".